Sifuri za Uda

Kabla sijaona mtu nilikuwa nasikia shikamoo. Ndivyo zilivyokuwa asubuhi za Gitting mwaka ule: ukungu unashuka kutoka mlima Hanang, unalala juu ya mashamba ya viazi na shayiri, njia inafutika, na ndani ya weupe ule sauti za watoto zinapishana, shikamoo babu, shikamoo mama, shikamoo, shikamoo. Harufu ilikuwa ya majani ya viazi yaliyolowa na moshi wa kuni za mkaratusi uliokataa kupanda juu. Ukisikia kishindo cha miguu unaamkia kwanza, kuangalia ni baadaye. Mimi mwenyewe nimewahi kumwamkia punda wa mzee Boay, kwa adabu zote, magoti yamekunjwa, na mzee aliyekuwa nyuma ya punda akaitikia marahaba kwa niaba yake. Kisa hicho alikisimulia kilabuni mpaka nikamaliza darasa la saba.

Tulikuwa na sababu ya kusalimu namna ile. Ndio kwanza mkoa wetu ulikuwa umekatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, hata bahasha za shuleni zilikuwa bado zimeandikwa Arusha, na mwalimu mkuu alikuwa akilifuta jina hilo kwa rula na kalamu nyekundu. Ada ilikuwa imefutwa pia, madarasa yakafurika, watoto wakakaa watatu watatu hadi wanne kwenye dawati moja. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni, kaja na mwezi wa kwanza, mtu mwembamba anayependa mambo yaandikwe. Akasimama mstarini akasema shule imejaa watoto lakini imepungukiwa heshima, na kwamba kuanzia siku hiyo heshima itakuwa na daftari lake. Kila kitongoji kiranja wake ataandika nani kaamkia wakubwa njiani na nani hakuamkia. Aliyeamkia ana alama ya vema. Asiyeamkia ana sifuri. Siku ya kufunga shule mwezi wa sita, atakayeongoza atapewa sweta jipya mbele ya wazazi, na watakaoshika mkia majina yao yatasomwa vilevile, ili wazazi wajue wanafuga nini.

Kiranja wa kitongoji chetu nilikuwa mimi, Paskalina, darasa la tano. Ukiniuliza leo nitakuambia ni kichekesho, mshindani kupewa kalamu ajiandikie mwenyewe, lakini wakati ule hakuna aliyeona tatizo, mimi hata kidogo. Nilijua mwandiko wangu ni mzuri na nilijua sweta langu ni baya. Nililirithi kwa kaka yangu, mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa umeungua jikoni hadi karibu na kiwiko, na baridi ya Gitting mwezi wa tano si ya kutania. Nililitaka lile sweta jipya kuliko nilivyotaka kwenda mbinguni, na nyumbani kwetu tulikuwa Wakristo wa kusali kila jioni.

Wazee walipata taabu. Mwanzoni walifurahi, wakasema mwalimu huyu ametumwa na Mungu. Baada ya wiki mbili walianza kupita njia za mashambani. Watoto tulikuwa tunawavizia, tunazunguka nyuma ya nyumba ili tumwamkie mtu yuleyule mara ya pili, na wengine walikuwa wanachelewa shule kwa sababu ya kungoja mzee atoke chooni. Bibi yangu, mama yake baba, tuliyekuwa tunakaa naye nyumba moja, ndiye aliyechoka kuliko wote, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa kando ya njia. Alikuwa mzee mwenye maneno makali, ana kopo lake la ugoro kiunoni, na macho yalikuwa yameanza kuingia wingu. Asubuhi moja alifunga mlango akaniambia nikawaambie wenzangu kwamba marahaba zake zimeisha, warudi kesho.

Uda alikuja wiki ya tatu ya muhula. Jina lake kamili lilikuwa Udagwenga, lakini darasani tulilikata. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa huko chini bondeni, Wabarbaig, watu ambao sisi watoto tuliwaita kwa jina jingine ambalo wenyewe hawalipendi na ambalo sitaliandika hapa. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa na jirani yetu, Mwiraqw kama sisi, na kwa sababu mtoto wao wa kwanza aliitwa Filipo, wote tuliwaita Mama Filipo na Baba Filipo. Ni Mama Filipo aliyemwomba baba yao amwachie mdogo wake aendelee kusoma kwetu, kwa kuwa shule ya bondeni iliishia darasa la nne. Mzee alikubali kwa shingo upande na akaweka sharti. Nililisikia sharti hilo kwa masikio yangu, siku Mama Filipo alipokuja kuchambua maharage na mama. Alisema baba amempa hadi siku ya kufunga shule. Atakuja mwenyewe, amuulize mwalimu kama mtoto ana heshima. Mwalimu akisema anayo, mtoto atabaki. Akisema hana, basi shule imemharibu, anarudi nyumbani siku hiyohiyo kuchunga ndama, na mwakani kuna watu wameshaanza kuuliza habari za kumwoza. Uda alikuwa na miaka kumi, mwaka mmoja chini yangu. Mama alisema pole. Mimi niliendelea kuokota mawe kwenye maharage.

Sasa, njiani Uda alikuwa haamkii. Tukikutana na mtu mzima, sisi tunapiga shikamoo kwa pamoja, yeye anatoka pembeni mwa njia, anasogea mbele ya yule mtu, anainamisha kichwa na kunyamaza. Watu wengi wa kwetu walimpita tu. Wengine walidhani anaumwa au anaona haya. Sheria ya mwalimu mkuu ilisema salamu isikike, na ya kwake ilikuwa haisikiki, kwa hiyo nikaandika sifuri. Wiki yake ya kwanza niliandika sifuri bila kinyongo, kwa kufuata sheria. Hilo naweza kuliapia.

Wiki ya pili niliona jambo. Uda alikuwa anachota maji kwenye kijito nyuma ya shamba letu, na jioni akirudi anapita uani kwetu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, peke yake, mimi niko ndani namenya viazi. Uda alitua ndoo kwanza. Akaenda mbele ya bibi, akainamisha kichwa mpaka karibu na magoti yake, akangoja. Bibi hakuona vizuri ni nani. Alinyoosha mkono, akapapasa, akakuta kichwa cha mtoto. Akaacha mkono pale juu ya nywele. Halafu akasema maneno ambayo sikuyaelewa, kwa lugha ya kina Uda, na Uda akajibu kwa sauti ndogo, na wakazungumza kidogo, bibi yangu ambaye sikujua kama anaijua lugha ile. Kumbe utotoni alikaa nao miaka ya njaa. Uda alipoondoka bibi alisema, kama anajisemea, kwamba ana miaka mingi hajasalimiwa na mtu aliyekuwa na muda. Tangu siku hiyo Uda hakuwahi kupita uani bila kutua ndoo.

Kesho yake nilimuuliza njiani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu, neno moja moja. Aliniambia kwao mdogo hampigii mkubwa kelele. Anapeleka kichwa. Anangoja. Nikamuuliza, mkubwa asipokigusa je? Akasema, "Basi ujue umekosa." Nikamwambia mbona darasani anasema shikamoo mwalimu na sisi sote, tena kwa nguvu. Akanishangaa. Alidhani shikamoo ni ya darasani, kama jedwali la kuzidisha. Huwezi kukutana na mzee wa watu njiani ukamwimbia mbili mara mbili.

Hapo ndipo ningemwambia. Ilikuwa kazi ya dakika moja: Uda, shikamoo ni ya kila mahali, sema, upate vema. Au ningeenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilicheka, nikamwambia twende tutachelewa, na tulipofika nikafungua daftari nikaandika sifuri. Najua kwa nini. Uda alikuwa amenipita jaribio la hesabu wiki ileile, yeye aliyekuja juzi, na bibi yangu alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa chake, na mimi bibi alikuwa amenifungia mlango. Na sweta. Niliandika sifuri kila siku ya shule mpaka mwezi wa sita, kwa mwandiko mzuri, nazizungushia vizuri kabisa, huku najua kila sifuri inamsogeza kwenye ndama.

Siku ya kufunga shule ukungu uliondoka mapema. Mabenchi yalitolewa nje, mratibu elimu wa kata akaja na pikipiki, jikoni makande yakawa yanachemka, na kwaya ya darasa la sita ikaimba mpaka jua likawa kali. Baba yake Uda alifika kwa miguu kutoka bondeni. Alikuwa mtu mrefu, shuka jeusi, katambuga za tairi, fimbo. Walimpa kiti, hakukaa. Alisimama nyuma karibu na Baba Filipo ili amtafsirie. Bibi yangu alikuja pia, ameshikwa mkono na mama, kwa sababu habari za mimi kuongoza zilikuwa zimeshavuja. Alikuwa ameacha ugoro nyumbani kwa heshima yangu.

Nilitangazwa wa kwanza. Mratibu alinivalisha sweta mwenyewe, la bluu, lina harufu ya dukani, mikono mirefu kuliko mikono yangu. Watu wakapiga makofi na mama akapiga kigelegele. Nilirudi mstarini nikiwa nalisikia joto lake mgongoni. Kisha mwalimu mkuu akageuza ukurasa akasema sasa upande wa pili, na akasoma majina matatu. La mwisho lilikuwa Udagwenga. Akasema, kwa masikitiko ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba mtoto huyu anajitahidi sana katika masomo, lakini kwa muhula mzima hakuna hata siku moja aliyowaamkia wakubwa zake.

Mzee akamgeukia Baba Filipo akauliza. Baba Filipo akaangalia chini, akatafsiri. Mzee hakugomba wala hakupandisha sauti. Alimtazama Uda tu, na Uda akatoka mstarini na mfuko wake wa salfeti wa madaftari, akavuka uwanja, akasimama mbele ya baba yake na kuinamisha kichwa. Akangoja. Mkono wa mzee ulibaki kwenye fimbo. Watu wengi uwanjani hawakujua wanaangalia nini. Mimi nilijua. Katika uwanja ule tulikuwa labda watu watano tuliojua kwamba mtoto yule alikuwa anaambiwa amekosa. Mzee alianza kugeuka aende, na Uda akageuka amfuate.

Bibi ndiye aliyeinuka. Alimnyang'anya mama mkono wake akaanza kuvuka uwanja na mkongojo, polepole, anaelekea zinakotoka sauti, na hakuna aliyethubutu kumzuia, mgeni rasmi au si mgeni rasmi. Alipowafikia alizungumza na mzee kwa lugha yao. Alisema maneno marefu. Sikuelewa neno, ila nilimwona akionyesha kwa mkono namna ndoo inavyotuliwa chini. Kisha akageukia mwalimu mkuu, kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Mwalimu, huyu mtoto ananisalimia kila jioni. Anatua mzigo wake, ananiletea kichwa chake. Hawa wengine wananipigia kelele toka asubuhi mpaka najificha ndani ya nyumba yangu. Ni nani aliyeandika hilo daftari?"

Mwalimu mkuu alinitazama. Mama alinitazama. Uda naye aliinua macho, mara moja tu, akanitazama, akayarudisha chini. Nilikuwa nimevaa sweta na jasho linanitoka. Ningesema pale, bibi ni mimi, na nilijua. Sikusema. Mwalimu mkuu akaniokoa bila kujua, akajibu kwamba sheria ni yake, kosa kama lipo ni lake, na kwamba kwa kweli hakujua. Bibi akamjibu, "Basi uliza. Una mdomo." Watu wengine walicheka, na mwalimu mkuu, nampa haki yake, naye alicheka kidogo, akafunga lile daftari. Ndipo mzee akahamisha fimbo kwenye mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akauweka juu ya kichwa cha mtoto wake. Uda alibaki shule. Muhula uliofuata hatukuliona daftari tena, na punda wa mzee Boay akapumzika.

Jioni hiyo, kabla ya sala, bibi aliniita uani akanigusa mkono wa sweta, akakipima kitambaa kwa vidole. Akaniuliza, "Wewe hukujua?" Nikamwambia, "Sikujua, bibi." Hakuniuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu, na jibu nililompa ni hilohilo. Linaniuma mpaka leo, nasema wazi. Sweta lilinifaa miaka miwili halafu akalivaa mdogo wangu.

Mimi na Uda tulimaliza darasa la saba pamoja. Hatukuwa marafiki wa kugandana, lakini kila tulipokutana yeye ndiye alitangulia kunisalimia, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kwake kwa mwaka mmoja. Alikuwa ameshajifunza shikamoo za njiani. Kwa bibi yangu tu ndiko alikoendelea kupeleka kichwa.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Katesh. Ukungu bado unashuka, ila watoto wa siku hizi wanashuka na bodaboda, na salamu yao wengi ni "shkamo" iliyotupwa huku wanapita. Siwalaumu sana, nimeona salamu za kelele zilivyo. Mwezi uliopita tuliletewa agizo la kupendekeza wanafunzi watatu wenye heshima na tabia njema, majina yao na picha zitumwe kwa simu, watapewa vyeti. Walimu wenzangu walinipa mimi kazi hiyo. Walisema nina mwandiko mzuri. Ile karatasi ilikaa mezani kwangu siku tisa. Kila nikishika kalamu namwona mtoto amesimama mbele ya mtu na kichwa chake kimeinama, na mimi niko pembeni nahesabu nilichosikia.

Ndiyo maana mnadani, nilipomwona Uda, sikungoja. Sasa ni mtaalamu wa mifugo, ana koti jeupe na mabuti, alikuwa kwenye zizi la mnada anakagua ng'ombe, wanaume wazima wanamngojea aseme huyu apite huyu asipite. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikamwambia. Nilimwambia pale pale kwenye vumbi, kwamba zile sifuri nilizoandika nilizijua, kwamba alishanieleza, kwamba nililitaka sweta, na kwamba siku ile baba yake alipogeuka nilikuwa na maneno mdomoni nikayameza.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu imebaki sikioni.

"Nilijua," akasema. "Zamu yangu ya kufagia ofisi ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ya mwisho daftari lilikuwa wazi mezani, nikaona jina langu na sifuri zake. Mwandiko ulikuwa wako."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Bibi aliuliza mbele ya watu wote nani kaandika. Baba yake alikuwa anaondoka naye. Angesema neno moja tu.

Uda alinitazama kama siku ile ya jedwali la kuzidisha, kwa mshangao wa kweli.

"Bibi yako alikuwa amesimama pale," akasema. "Amekuja kukuona unapewa sweta. Ningesemaje?"

Watu walikuwa wanapita na ng'ombe wao, na mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa kwenye meza ya mitumba ananiangalia, mwalimu wake, na mkoba wangu begani. Nikatua mkoba chini. Nikasogea mbele ya Uda, mimi mkubwa wake, nikainamisha kichwa, nikangoja.